Prefiksi iko hewani lakini kwenye rejista haina mwenyewe: namna ya kuchunguza kabla hujamsingizia mtu

Chukua jedwali zima la leo la BGP, itifaki ambayo mitandao inaitumia kuambiana anuani zipi zinafikika kupitia wapi, liweke pembeni ya rekodi za ugawaji za rejista zote 5 za dunia zinazogawa anuani za intaneti, alafu linganisha. Hazitalingana, nakwambia mapema ili usishtuke. Utakuta prefiksi (makundi ya anuani zinazofuatana) zinatangazwa na trafiki inapita vizuri tu huku rejista inasema hizo anuani hazina mwenyewe, utakuta namba za AS (namba za kutambulisha mtandao) ambazo hajawahi kupewa mtu ziko mwishoni mwa njia, yaani kwenye nafasi ya anayetangaza, na utakuta bloku kubwa zilizogawiwa miaka mingi ambazo hakuna rauta hata moja inayozionyesha. Mtu akiona hivyo mara ya kwanza anadhani kakamata wezi. Ukishafanya kazi hii kwa muda unagundua tofauti nyingi zina sababu ya kawaida, ni hesabu, ni muda au ni makaratasi, na zile chache zinazobaki baada ya kuchuja ndo za kushughulikia kweli kweli. Hapa nitaeleza jinsi mi ninavyochuja, hatua kwa hatua, na sehemu ambazo watu huwa wanateleza.

Kwanza elewa kwanini hivi vitabu viwili vinatofautiana. Ugawaji unaanzia IANA, ghala kuu la dunia, unashuka kwa zile rejista 5, AFRINIC, APNIC, ARIN, LACNIC na RIPE NCC, na hao ndo wanaogawia mashirika na kuandika nani kapewa nini. Upande wa pili BGP haijui chochote kuhusu rejista. Rauta ikitangaza prefiksi kwa jirani yake, jirani akiwa hana filta anaamini na anaipitisha kwa jirani mwingine, basi imeenea dunia nzima. Hakuna mahali kwenye itifaki yenyewe ambapo mtu anaulizwa hati. Kwahiyo kitabu kimoja kinaandika nani ana haki, kingine kinaandika nani anatumia, na wanaoviandika ni watu tofauti kabisa.

Na hii sio ya kupuuzia. Anuani ambayo haina mwenyewe leo inaweza kugawiwa kesho kwa mtandao mpya uliolipia na kufuata taratibu zote, na kama kuna mtu alikuwa anaitumia kutuma taka, huyo mpya anarithi sifa mbaya, imeili zake zinakataliwa, wateja wake wanazuiwa, na hajui kosa lake ni nini.

Sasa tuanze. Daunlodi rekodi za ugawaji. Kila rejista inatoa faili kila siku, na unayoitaka ni ile yenye neno extended kwenye jina, mfano delegated-apnic-extended-latest au delegated-ripencc-extended-latest. Usichukue ile fupi isiyo na hilo neno, maana ile inaonyesha vilivyogawiwa tu, wakati ile ndefu inakuonyesha pia vilivyobaki ghalani na vilivyozuiliwa, na hapo ndo penye uhondo wote. Zichukue zote 5 za siku moja, usichanganye ya jana na ya leo. Kuna pia faili moja la jumla linalotolewa na NRO, umoja wa hizo rejista 5, linaitwa nro-delegated-stats, linalounganisha zote pamoja na vile vilivyo mikononi mwa IANA, na kwa mtu anayeanza ni rahisi zaidi.

Mstari mmoja unakaa hivi, huu nimeutunga kwa anuani za mazoezi:

apnic|ZZ|ipv4|198.51.100.0|256|20100101|allocated|A0000001

Ni rejista, nchi, aina, mwanzo, kiasi, tarehe, hali, na mwisho ni alama ya mwenye kumiliki, ambayo inakusaidia kujua kwamba mistari miwili ni ya mtu mmoja hata kama jina halipo. Hali ziko 4: allocated na assigned maana yake imeshagawiwa, available ipo ghalani, reserved imezuiliwa.

Hapo kwenye kiasi ndo watu wengi wanaharibu mapema kabisa. Kwa IPv4 ile namba ni idadi ya anuani, sio urefu wa prefiksi (ile namba baada ya mkwaju, ikiwa kubwa kundi linakuwa dogo). Kwa IPv6 ni urefu wa prefiksi, kwahiyo ukiona 32 ni /32, sio anuani 32. Kwa asn ni idadi ya namba kuanzia ile ya mwanzo. Na idadi ya IPv4 sio lazima iwe ile inayokaa sawa kwenye prefiksi moja, unaweza kukuta 768, ambayo ni /23 na /24 zimekaa pamoja. Skripti inayochukua 768 ikalazimisha iwe prefiksi moja itakupa matokeo ya uongo na utakaa siku nzima unafukuza kivuli. Kama unatumia Python, moduli ya ipaddress ina kazi inaitwa summarize_address_range, inakugawia vizuri. Mi binafsi sigeuzi kabisa kuwa prefiksi, naacha kama masafa, mwanzo na mwisho kwa namba kamili, utaona sababu mbele.

Nchi isikupoteze. Ile herufi mbili ni nchi ya aliyesajili, haisemi rauta iko wapi, na mtu kutangaza anuani za rejista moja kwa namba ya AS ya rejista nyingine ni jambo la kawaida kabisa. Usiripoti hiyo kama kosa.

Data za rauti, yaani njia zinazotangazwa, unazipata sehemu mbili kubwa, RouteViews ya Chuo Kikuu cha Oregon na RIS ya RIPE NCC. Wote wana kolekta, mashine za kukusanya rauti, sehemu nyingi duniani, mitandao mbalimbali inajiunga nazo na kuzipa kile inachokiona. RouteViews wanatoa picha ya jedwali zima kila baada ya saa 2, RIS kila baada ya saa 8, na katikati yake kuna mafaili madogo ya mabadiliko. Yote yako kwenye umbizo la MRT, huwezi kuyasoma kwa macho, unatumia programu ya bgpdump. Ukiandika bgpdump -m unapata mistari iliyotenganishwa kwa mstari wima, safu ya 4 ni anuani ya jirani aliyeleta taarifa, ya 6 ni prefiksi, ya 7 ni njia ya AS. Kwa kazi yetu hizo 3 zinatosha. Chukua jedwali la siku ile ile ya mafaili ya ugawaji, na uandike saa kwa UTC, maana usipoandika utajichanganya mwenyewe ukirudia wiki ijayo.

Sasa usikimbilie kulinganisha. Hesabu kwanza kila prefiksi imeonekana na majirani wangapi. Kuna mitandao inayojiunga na kolekta ikamwaga kila kitu ilichonacho, hadi rauti za ndani ambazo hazijawahi kutoka nje ya jengo lao. Prefiksi inayoonekana na jirani mmoja tu haiko kwenye intaneti, iko kwa huyo jirani. Mi huwa nataka angalau majirani kadhaa kutoka mitandao tofauti ndo naiamini, na sio majirani kadhaa wa mtandao mmoja maana hao wanasema kitu kimoja. Toa pia 0.0.0.0/0, kuna majirani wanaileta na ikiingia kwenye hesabu itafunika kila kitu.

Alafu toa zile anuani ambazo zina kazi maalum na hazitakiwi kuonekana hadharani kabisa: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12, 192.168.0.0/16, 100.64.0.0/10 ya watoa huduma, 169.254.0.0/16, 198.18.0.0/15 ya vipimo, zile 3 za mifano ambazo ni 192.0.2.0/24, 198.51.100.0/24 na 203.0.113.0/24, na 240.0.0.0/4 juu kule. Upande wa IPv6 chochote kilicho nje ya 2000::/3 kiweke pembeni, pamoja na 2001:db8::/32. Sisemi uzitupe, ziandike kwenye orodha yake, ni uvujaji, ila sio suala la rejista na dawa yake ni nyingine, ni filta tu.

Kulinganisha kwenyewe. Kosa kubwa hapa ni kutafuta prefiksi iliyotangazwa ndani ya faili kama maandishi. Haitapatikana, kwa sababu mtu aliyepewa /16 anaitangaza vipande vipande, na mwingine aliyepewa vipande viwili vilivyokaa jirani anavitangaza kama kimoja. Unachotakiwa kuuliza ni hivi: kati ya anuani zote zilizomo kwenye hii prefiksi, ngapi zimegawiwa? Ndo maana nikasema nabaki na masafa. Panga masafa yote yaliyogawiwa kwa mpangilio, unganisha yanayogusana hata kama ni ya wamiliki tofauti au rejista tofauti, alafu kwa kila prefiksi angalia imefunikwa yote, nusu, au haijafunikwa kabisa.

Ile nusu ndo kundi ambalo watu hawaliangalii na lina mambo mengi. Tuseme mtandao unatangaza /22, yaani anuani 1024, na rejista inaonyesha 512 za mwanzo ni za kampuni fulani na 512 zilizofuata ziko reserved. Mara nyingi maana yake walikuwa nazo zote, nusu ikarudishwa au ikachukuliwa, na hakuna aliyekumbuka kurekebisha tangazo. Skripti inayoangalia anuani ya kwanza tu ingekwambia kila kitu ni salama. Na kinyume chake kipo, mtu anatangaza bloku kubwa kuliko aliyonayo kwa sababu alikosea kuandika /19 badala ya /20, kitufe kimoja tu, na sasa anavuta trafiki ya anuani ambazo sio zake.

Ukishapata orodha ya zisizofunikwa igawe kwa hali. Zilizo available ndo nzito kuliko zote, maana rejista iko tayari kuzigawa wakati wowote. Zilizo reserved zinahitaji subira, kwa sababu hali hiyo mara nyingi ni karantini, anuani zimerudi kutoka kwa mtu na rejista inazipumzisha kabla ya kuzigawa upya, na mara nyingi huyo mtu bado yupo, bado anatangaza, na wala hajui kama kafutiwa. Niliwahi kufuatilia prefiksi moja ya namna hii, nikamwandikia fundi wa ule mtandao, jibu likaja baada ya siku mbili kwamba invoisi za rejista zilikuwa zinaenda kwenye imeili ya mfanyakazi aliyeacha kazi zamani. Wateja wao wote walikuwa kwenye anuani ambazo kisheria hawakuwa nazo tena. Hapo ungeanza kupiga kelele kuwa ni wizi ungeumiza watu wasio na hatia.

Kuna pia zile ambazo haziko kwenye faili lolote, si gawiwa si ghalani. Hizi karibu kila mara ni uhamisho. Anuani zikihama kutoka rejista moja kwenda nyingine, ya zamani inafuta mstari wake na mpya inaandika wa kwake, na kama mafaili yametengenezwa saa tofauti kuna siku ambayo bloku haionekani kwa yeyote, au inaonekana kwa wote wawili. Subiri kidogo ucheki tena, ikijaa yenyewe funga hiyo kesi.

Sasa hatua ambayo kwangu mimi ndo moyo wa kazi yote, ni kuangalia nyuma. Rejista zinatunza mafaili ya zamani kwa tarehe, na RouteViews na RIS wanatunza majedwali ya miaka mingi, kwahiyo unaweza kujua mambo mawili: siku gani mstari ulitoka kwenye hali ya kugawiwa, na siku gani tangazo lilianza na kwa namba gani ya AS. Kama hutaki kudaunlodi vyote hivyo, tovuti ya RIPEstat ina historia ya rauti na historia ya ugawaji, unaweka prefiksi unapata zote mbili. Weka hizo tarehe kwenye mstari mmoja wa muda na swali linajijibu. Tangazo lilikuwepo kabla ya kufutwa, kwa AS ile ile, na halijabadilika? Ni makaratasi, mtu kafutiwa na hajazima. Bloku ilikaa kimya miaka haionekani popote, rejista imeshaifuta, alafu ghafla inatokea kwa AS mpya ambayo haijawahi kuhusiana nayo? Hiyo ndo ya kuogopa, kuna mtu katafuta anuani zisizo na mlinzi. Na kuna ya tatu, tangazo limeanza wiki iliyopita na rejista imeandika ugawaji siku mbili baadaye, huyo ni mtu mwenye haraka tu.

Cheki hapo hapo na RPKI, mfumo wa vyeti vya kidijitali vya wenye anuani. Cheti cha rasilimali kinafuata rekodi za rejista, kwahiyo kama prefiksi bado ina ROA (tamko lililosainiwa la AS ipi inaruhusiwa kuitangaza) inayokubalika chini ya rejista yake, maana yake rejista bado inamtambua huyo mtu na labda wewe ndo umesoma faili vibaya, rudi kwenye hesabu zako. APNIC na LACNIC wameenda mbali zaidi, wanatoa ROA za AS0 kwa anuani ambazo hawajazigawa, yaani tamko kwamba hakuna anayeruhusiwa kuzitangaza, ila ziko chini ya nanga yake ya peke yake (ufunguo mama wa kuhakikisha vyeti) na mitandao lazima iamue kuzitumia. Rekodi za rauti kama zile za RADB, hifadhi ambako mitandao inajiandikia rauti zake, usizichukue kuwa ushahidi, zinaweza kukaa miaka baada ya mwenyewe kuondoka.

Upande wa namba za AS mchezo ni tofauti kidogo. Toa kwanza za binafsi, 64512 hadi 65534 na 4200000000 hadi 4294967294, za mifano 64496 hadi 64511 na 65536 hadi 65551, na 23456 ambayo inasimama badala ya namba ndefu kwenye rauta za zamani zisizozielewa. Za binafsi zikionekana hadharani ni mtu kasahau kuziondoa kwenye njia wakati wa kutangaza kazi ya mteja wake. Zilizobaki ambazo hazijagawiwa, nyingi ni makosa ya vidole. Mtu kakosea tarakimu moja, au rauta moja inaandika namba kwa nukta katikati na fundi kaisoma vibaya. Ishara yake ni kwamba namba inayoifuata upande wa kushoto kwenye njia inafanana nayo sana, au prefiksi yenyewe ni ya huyo wa kushoto.

Na kuna kosa moja ambalo faili la ugawaji halitakuonyesha kabisa, lijue. Fundi anataka njia yake ionekane ndefu, anatakiwa arudie namba yake mara 3, badala yake anaandika 3 kwenye sehemu ya namba. Rauta inatii, inaweka AS3 mwishoni, na sasa dunia inaona prefiksi hiyo inatoka AS3, ambayo ni ya chuo cha MIT. Ndo maana ukiangalia namba ndogo ndogo kama 2, 3 na 5 utazikuta zinaonekana kutangaza prefiksi za kila kona ya dunia. Namba imegawiwa, prefiksi imegawiwa, kila kitu kinapita kwenye kipimo chako na bado ni makosa. Mwenye tangazo halisi ni wa pili kutoka mwisho.

Zilizogawiwa lakini hazionekani sizihangaikii sana. Kutumia anuani ndani bila kuzitangaza ni haki ya mwenye nazo.

Ukibaki na orodha safi, andika kwa watu. Anza na mwenye AS inayotangaza, mawasiliano unayapata kwa RDAP (huduma ya kuuliza rekodi za rejista) au PeeringDB (orodha ambako mitandao inajiandikisha), asipojibu nenda kwa mtandao ulio juu yake unaompitishia tangazo, kisha rejista yenyewe. Weka prefiksi, namba ya AS, saa kwa UTC, umeiona kwenye kolekta ipi na majirani wangapi, na nakala ya mstari wa faili wenye tarehe. Usitumie neno wizi. Andika kwamba umeona tofauti na unaomba waangalie, hata aliye na nia mbaya hana cha kukubishia na aliyesahau atakushukuru. Na kama prefiksi ni yako mwenyewe acha kila kitu, ingia kwenye akaunti yako ya rejista leo hii, angalia malipo na imeili zilizoandikwa, maana ikitoka karantini ikagawiwa kwa mwingine hairudi.

Kwa wenye rauta, usichukue orodha uliyoipata ukaibandika kwenye filta ukaondoka. Mwaka 2010 APNIC walipopewa 1.0.0.0/8 ilikuwa imetumiwa kiholela na watu wengi kwa miaka kiasi kwamba takataka zilimiminika baadhi ya vipande vilipotangazwa, na kila bloku mpya za enzi zile zilipofunguliwa kuna wateja walikwama kwa sababu fundi wa mbali aliweka filta ya zisizogawiwa na hakuigusa tena. Ghala la IANA la IPv4 liliisha Februari 2011, kwahiyo filta za /8 nzima hazina kazi tena, mabadiliko sasa ni vipande vidogo vya kila siku. Tumia orodha ya anuani zisizotakiwa kuonekana inayojiapdeti yenyewe, kama ile ya fullbogons ya Team Cymru, au usiweke.

Skripti yangu inajiendesha kila siku na inaandika prefiksi, hali, AS na siku ya kwanza ilipoonekana. Kitu hakifiki kwenye imeili ya mtu mpaka kikae siku 7 mfululizo, na kwa kawaida ikifika siku ya saba zaidi ya nusu zimeshaondoka zenyewe.